Dharau na Jamaa Zake

Maneno ya lugha hayana uzito mmoja. Yako yanayotamkwa yakapita kama upepo, na yako ambayo yakitamkwa mbele ya watu, baraza zima hunyamaza. Dharau ni mojawapo ya haya ya pili. Kijana wa Manundu, mjini Korogwe, akimwita mwenzake mjinga, huenda wote wawili wakacheka. Lakini mwenzake akimjibu, "Wewe unanidharau," kicheko hukatika papo hapo, kwani limetolewa shtaka na mshtakiwa hana budi kujitetea. Kwa miaka mingi tumelisikia neno hili barazani, shuleni, mahakamani na maofisini katika wilaya za Handeni na Korogwe, na tumeona kwamba wengi hulitumia pasipo kulipima, na wachache, ambao madhara yao ni makubwa zaidi, hulitumia likiwa limegeuzwa juu chini. Walimu wetu wa Kiswahili wanastahili kulitazama kwa makini kuliko wanavyoruhusiwa na kurasa chache za kitabu cha sarufi.

Tuanze na umbo lake. Dharau limetufikia kutoka Kiarabu, kama yalivyotufikia fikiri, samehe na sahau, na ndiyo sababu halimalizikii kwa irabu a kama vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu. Jina ni dharau, na kitenzi ni kudharau, bila badiliko lolote la mwisho. Hata hivyo Kiswahili hakikumwacha mgeni huyu akae ugenini. Kama sahau lilivyozaa sahauliwa na sahaulika, ndivyo dharau lilivyozaa dharauliwa, dharaulika na dharaulisha. Mwanafunzi na azingatie tofauti ya semi mbili zinazofanana: "amenidharau" na "ana dharau". Usemi wa kwanza ni wa tendo la siku moja, lenye shahidi na mahali pake. Wa pili ni hukumu juu ya tabia nzima ya mtu. Ugomvi mwingi wa vijijini hutokana na mtu kuona tendo moja akatoa hukumu ya tabia.

Methali ijulikanayo zaidi katika jambo hili ni ile isemayo kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Tumekuta wanafunzi, tena wa kidato cha nne, wakieleza kuwa tende hapo ni tunda litokalo Uarabuni. Sivyo. Tende hapa ni ugonjwa wa matende, ule uvimbe wa mguu ambao watu wa mwambao wa Tanga na wa bonde la mto Ruvu, uitwao pia Pangani, waliujua vizuri muda mrefu kabla ya kufika madaktari na vidonge vyao. Mwenye kuitunga methali hiyo hakutafuta mfano wa mbali. Aliutazama mguu wa jirani yake. Waganga wa leo watatwambia kuwa matende huletwa na mbu, wala si mwiba, na ni kweli; lakini maana ya methali haidhuriki. Jambo la kuliangalia ni kitu kinachodharauliwa. Si adui, si simba, bali ni mwiba. Aliyeukanyaga hakuuchukia wala hakuutukana. Aliutazama, akaupima kwa jicho, akaona si kitu, akaendelea na safari.

Hapo ndipo tunapoipata maana ya neno. Dharau ni kosa la kipimo. Ni kumtazama mtu au kitu, kukikadiria chini ya thamani yake, kisha kuishi kwa makadirio hayo. Mtu anaweza kukuchukia naye anakuheshimu. Maadui wengi wakubwa katika historia waliheshimiana sana. Anaweza kukutukana kwa hasira na kesho akaja kukuomba radhi, kwa kuwa tusi hutoka moyoni likiwa moto na moto hupoa. Mwenye kudharau hana hasira. Yeye ni baridi, na mara nyingi hajui kuwa ametenda neno lolote.

Jamaa za dharau ni wengi, na si vyema kuwachanganya kama afanyavyo mtunga kamusi mwenye haraka, anayeeleza kila moja kwa jina la mwenziwe. Kupuuza ni kuliona jambo ni upuuzi, na aghalabu hupuuzwa maneno, maonyo na amri kuliko watu wenyewe. Kubeza kunahitaji ulimi. Mtu habezi kimya. Kukebehi ni kubeza kwa ufundi, kwa maneno yaliyopambwa ili yachome, na kejeli ni ndugu yake mcheshi zaidi. Kumtweza mtu ni kumshusha hadhi, nako hupendelea hadhara: anayetwezwa faraghani hajatwezwa kikamilifu. Ufidhuli ni wa mdogo anayevuka mpaka mbele ya mkubwa, au wa mtu yeyote anayesema pasipo haya. Nyodo, neno wanalolipenda sana watu wa Tanga, ni kitu cha ajabu kidogo: mtu huwa na nyodo hata akiwa peke yake njiani, kwa mwendo tu na jinsi anavyoishika kanga yake. Nyodo haihitaji wa kufanyiwa. Dharau haiwezi kuwako bila yeye.

Na kwa kuwa dharau haihitaji ulimi, mwili umeitafutia lugha yake. Kuna kubetua midomo. Kuna kumpandisha na kumteremsha mtu kwa macho, tangu utosini hadi unyayoni, jambo ambalo mama zetu hulifanya kwa ustadi usioweza kufundishwa chuoni. Kuna kusonya, ambako wengine huita kufyonya, sauti ndogo ya hewa inayovutwa kati ya meno na ulimi. Herufi zetu haziwezi kuiandika sauti hiyo, wala hakimu hawezi kuiweka katika mwenendo wa kesi, ila kila aliyezaliwa huku anajua uzito wake. Tunathubutu kusema kuwa ugomvi unaoletwa na msonyo ni mwingi kuliko unaoletwa na tusi.

Lakini dharau iliyo kubwa kabisa katika historia ya nchi hii ya mkonge haikuwa na msonyo wala mdomo uliobetuliwa. Ilikuwa na daftari. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakatanda pande zote mbili za njia, Ngombezi, Magunga, Hale na kwingineko. Wenyeji wengi walikuwa na mashamba yao ya mahindi na hawakutaka kukata mkonge kwa mshahara ule. Ikabidi watu waletwe kutoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena, Wangoni, Wamakonde, na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, na kazi yake ikahesabiwa kwa kipande, karatasi yenye nafasi za siku thelathini. Karani wa shamba hakuwa na haja ya kujua jina la mtu, baba yake wala kwao. Alisoma namba, mtu akaitika. Ndipo likazaliwa neno manamba.

Tafakari jinsi neno hilo lilivyoundwa. Halina tusi ndani yake. Namba ni namba. Hakuna aliyeketi akakusudia kumvunjia heshima Muha aliyetembea au kusafirishwa majuma kadhaa kuja kukata mkonge. Hesabu ilitaka wepesi, na wepesi ukamla mtu jina lake. Kisha neno likatoka katika daftari likaingia mjini. Watu wa Korogwe na Tanga, ambao wenyewe hawakuwa na hali bora sana, wakalifanya fimbo. Kumwita mtu manamba kukawa ni kumwambia kwamba hana ukoo, hana adabu, na hana hata nguo ya pili. (Huko Nairobi neno hilohilo wamepewa wapiga debe wa matatu, lakini hiyo ni safari nyingine ya neno, nasi hatutaifuata.) Mwaka 1964, wakati nchi ilipotoa kiasi cha tani 230,000 za mkonge na zao hilo likawa nguzo ya fedha za kigeni, waliozikata tani hizo bado waliitwa hivyo. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 na karatasi za kipande zikapitwa na wakati, bali neno lilibaki midomoni. Wajukuu wa watu wale wako Korogwe hadi leo. Ni walimu, wauguzi, mafundi, na wengine ni madiwani. Tumemsikia mmoja wao akisema kwa kicheko kuwa yeye ni "damu ya manamba", na katika kicheko kile tuliona namna neno la dharau linavyoweza kunyang'anywa makali na yule aliyekusudiwa kukatwa nalo.

Kabla ya manamba palikuwa na mshenzi. Hilo lilikuwa neno la waungwana wa miji ya pwani, Pangani na Tanga, kwa watu wa bara, na bara kwao ilianza karibu: Mzigua wa Handeni, aliyewaletea nafaka na pembe, alikuwa tayari ni mshenzi. Neno limeshachambuliwa na wengi, nasi tunalipita.

Tusilopaswa kulipita ni jambo la Wazigua waliovushwa bahari. Katika karne ya kumi na tisa, njaa kali iliipiga nchi ya Uzigua, na watu wengi wakaangukia mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, wakapelekwa pwani ya Somalia kulima mashamba ya huko. Baadaye wengi walitoroka wakaweka vijiji vyao katika misitu ya bonde la mto Juba. Walilima, wakajitetea, wakazaa, na sehemu yao wakaendelea kusema Kizigua. Wasomali waliokuwa na nguvu juu yao waliwapa majina mawili. Moja ni adoon, yaani mtumwa. La pili ni jareer, yaani mwenye nywele ngumu. Mtu angeweza kuwa mkulima hodari, mcha Mungu, raia wa kuzaliwa, baba wa watoto waliosoma. Lakini kabla hajafungua kinywa alikuwa ameshapimwa kwa nywele zake. Huu ndio mfano ulio safi kuliko yote tuujuao wa maana ya neno letu: kipimo kilitolewa kwanza, mtu akaletwa baadaye.

Dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, watu hawa, ambao hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwakinga, waliteswa sana. Wengi walikimbilia Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu kati yao wakapelekwa Marekani. Lakini wako waliopanda majahazi wakashuka Tanga, wakawekwa Mkuyu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo. Mwaka 2014 zaidi ya elfu moja kati yao walipewa uraia wa Tanzania. Hivyo baada ya vizazi vingi walirudi katika nchi ambayo babu zao waliitaja katika hadithi, na wazee wa Handeni waliweza kuongea nao kwa lugha ya mababu. Msamiati ulikuwa umeachana hapa na pale, na lafudhi ilikuwa na ladha ya mbali, walakini lugha ilikuwa ni ileile.

Twawaomba walimu wa Handeni walifundishe jambo hili darasani, si katika somo la historia peke yake bali katika Kiswahili pia. Waulize wanafunzi wao: neno mkimbizi lina dharau? Kwa asili halina. Ni jina la mtu aliyekimbia, na kukimbia mauti si aibu. Lakini neno hilo likisemwa kisimani kwa sauti fulani, likifuatwa na msonyo, linakuwa jareer nyingine iliyovaa kanzu ya Kiswahili. Dharau haikai katika neno kama mbegu ikaavyo katika tunda. Inakaa kwa msemaji.

Na kama yataka ushahidi wa hili, utani upo. Mzigua na Mnyamwezi wakikutana msibani husemezana maneno ambayo yakisikiwa na mgeni ataita polisi. Mtani atamwita mwenzake mtumwa wake, ataizuia jeneza njiani hadi apewe chochote, atacheka palipo na kilio. Wala hakuna anayedharauliwa. Kwa nini? Kwa sababu utani una sharti la usawa: nilichokwambia leo, kesho utaniambia, na kwenye msiba wangu wewe ndiwe utakayefanya kazi ambazo ndugu zangu kwa huzuni hawataziweza. Maneno ni yaleyale ya mtu wa nyodo, ila kipimo hakikushushwa. Kijana wa mjini anayeiga maneno ya utani kwa mtu asiye mtani wake, kisha akalalamika kuwa watu wa siku hizi hawana mzaha, amechukua ganda akaacha kiini.

Sasa tufike kwenye mgeuzo tulioutaja mwanzoni. Katika kila mfano uliotangulia, dharau ilishuka: kutoka kwa mwenye daftari kwenda kwa mwenye namba, kutoka kwa mwungwana kwenda kwa mtu wa bara. Huo ndio mwelekeo wake wa asili, kwa kuwa kukadiria chini kunamtaka mtu ajione yuko juu. Lakini sikiliza jinsi neno linavyotumika maofisini. Tulishuhudia katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, mkulima mtu mzima aliyekuwa amelipa mchango akiomba apewe stakabadhi yake. Aliomba kwa adabu, kofia mkononi. Aliambiwa arudi kesho; alikuwa ameambiwa hivyo mara mbili. Aliposema kwamba nauli ya kurudi hana, afisa aliyekuwa na umri wa mwanawe alisimama akasema, "Mzee, unanidharau?" Yule mzee akaomba radhi, akaondoka. Hakupata stakabadhi.

Hapo lugha imefanyiwa jinai. Aliyekadiriwa chini ni mzee, na aliyeshtaki kudharauliwa ni afisa. Neno lililokuwa ngao ya mnyonge limegeuzwa likawa rungu la mwenye kiti. Wakubwa wa namna hii hawatofautishi mambo matatu ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri: kuuliza, kukaidi na kudharau. Anayeuliza anataka jibu. Anayekaidi amesikia amri akakataa kuitii. Anayedharau amemwona mwenye amri si kitu. Mtu aweza kukaidi pasipo dharau hata chembe, kama mtoto anayekataa kuolewa na mume aliyechaguliwa na baba ampendaye.

Wengine husema kuwa mkanganyo huu umeletwa na mahakama, maana sheria yetu inalo kosa la kudharau mahakama, katika kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu, nalo humpata hata yule aliyekataa tu kujibu swali baada ya kuapishwa. Ni kweli kwamba hapo neno limetanuliwa kuliko matumizi ya barazani. Lakini sheria ilikuwa na haja yake: mahakama isiyotiiwa haiwezi kumlinda mtu, hata huyo mzee wa stakabadhi. Na kinacholindwa na kifungu kile ni kiti cha haki, wala si moyo wa hakimu usiumizwe. Afisa wa ofisi ya kata hana kifungu cha namna hiyo, na asijitungie chake kwa kuazima neno.

Washairi wa Kiswahili walilijua jambo hili mapema. Katika malumbano ya tungo, ambayo magazeti yetu yaliyapokea tangu siku za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, mshairi humvamia mwenzake kwa kejeli na mafumbo, lakini hulazimika kumjibu kwa bahari ileile na, akitaka kuonyesha ufundi, kwa vina vilevile. Kujibu kwenyewe ni heshima. Sisi tunaotunga tunajua kwamba pigo lililo zito si ubeti mkali. Ni kutokujibiwa.

Siti binti Saad, mwana wa Fumba, Unguja, ambaye Shaaban Robert wa Tanga alimwandikia wasifu, alijibiwa na kujibu. Wivu ulipowashika wapinzani wake, walimwimbia kuhusu shamba alikotoka na nguo duni aliyokuja nayo mjini. Ilikuwa dharau kamili, kwa kuwa ilimpima kwa mahali na vazi, ikasahau sauti iliyokuwa imesafiri hadi Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Yeye alijibu kwa wimbo, akahamisha kipimo kutoka sura na nasaba kwenda kwenye akili na tabia. Hakuwaambia wapinzani wake kuwa nao ni wabaya wa sura, jambo ambalo lingekuwa jepesi.

Na katika Kusadikika, kitabu ambacho shule zetu nyingi zimekisoma, mwandishi huyo huyo anamleta Karama mbele ya baraza ili ashtakiwe kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri. Walimu hupenda kuwauliza wanafunzi kuhusu wajumbe sita ambao Karama anawasimulia habari zao, na maswali hayo ni mazuri. Sisi tungependa pia wawaulize kuhusu jina la yule waziri. Shaaban Robert angeweza kumwita Dhuluma au Ukatili, na hadithi ingekwenda. Alimwita Majivuno. Mwanafunzi na aisome hotuba ya waziri huyo tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa na kalamu mkononi, na kila mahali ambapo swali la raia limeitwa kosa apige mstari chini yake. Kisha aseme ni nani hasa katika baraza lile aliyemdharau mwenzake.